Upande wa Kushoto

Bilonda alikuwa amejiapiza kwamba atamwambia Glodi kabla hajavua viatu. Viatu vikavuliwa, vikapangwa kando ya mlango kama kila Alhamisi, soksi zikakunjwa ndani yake, na lile neno bado lilikuwa halijatamkwa.

"Leo nilale namna gani, Mademoiselle?"

Mbele za watu alimwita hivyo. Wakiwa wawili tu alimwita vilevile, ila kwa sauti nyingine, na sauti hiyo ndiyo iliyomfanya Bilonda ageukie dirishani kila mara akijifanya anavuta pazia.

"Lala na mugongo," alimjibu. "Polepole. Hakuna mutu anakukimbiza."

Glodi akashuka kwenye mkeka kidogokidogo: goti, kiganja, nyonga, kiwiko. Miezi minane iliyopita alihitaji watu wawili wa kumshusha. Maumivu yalikuwa hayajaisha, na Bilonda hakuwahi kumdanganya kwamba yataisha. Lakini sasa alishuka mwenyewe, na usiku aliweza kulala saa nne mfululizo bila kuamka akitafuta ukuta wa kujiegemeza.

Chumba kilikuwa nyuma ya zahanati ndogo ya masista huko Dilala, kati ya stoo ya dawa na ukuta wa shule. Kilikuwa chembamba. Mikeka miwili ikitandikwa, ilibaki nafasi ya kigoda kimoja na mtu mmoja kupita kwa ubavu. Dirisha lilikuwa na nondo, na vumbi jekundu liliingia hata likifungwa. Nje, honi za pikipiki za taxi-moto hazikunyamaza tangu asubuhi.

Watu wa Kolwezi walimwita kine, kama wanavyowaita wote wanaotibu viungo. Wengi walikuja kwake wakitegemea kukandwa au kuvutwa mifupa. Yeye aliwalaza chini akawauliza maswali. Bega lipi linagusa sakafu zaidi? Ukipumua, mbavu zipi zinaamka na zipi zinabaki zimelala? Ukitaka kugeuka, ni wapi mwili unaanza kujihami hata kabla maumivu hayajafika? Kisha aliwafundisha kusogea kidogo mno, kiasi cha kutoyaamsha maumivu, mpaka mwili wenyewe ukumbuke kwamba zipo njia nyingine za kupita. Walikuja akina mama waliobeba ndoo tangu utotoni, walikuja madereva wa malori na wachimbaji ambao picha za hospitali zilisema hawana kitu. Baadhi walipona kidogo, baadhi zaidi. Na akina mama wa kundi la maombi walikuwa wameanza kunong'onezana kwamba binti ya Kanyinda anawafumba watu macho na kuwapeleka mahali pasipojulikana.

"Fumba macho," Bilonda alisema. "Sasa peleka kichwa kuume. Wacha kiende peke yake. Rudisha. Sasa kushoto."

Kichwa cha Glodi kilisogea upana wa kidole kimoja, kikasimama. Kifua nacho kikasimama.

"Umeona nini?"

"Nafunga pumuzi."

"Unaifunga wapi?"

"Mbele ya kugeuka. Nikifikiri tu kama nitageuka, inafunga."

"Usilazimishe. Baki pale pumuzi ingali inapita."

Alichuchumaa kando yake, akaweka kiganja juu ya mbavu za kushoto, ndani ya fulana ya kijivu iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama karatasi ya zamani. Alizijua mbavu hizo. Mifupa ilikuwa imeunga miaka mitatu iliyopita, madaktari wawili walisema hivyo, na picha zilisema hivyo. Lakini upande ule wa mwili bado ulilindwa usiku na mchana, kama vile kuna kitu kingeanguka endapo ungelegezwa.

"Na we?" Glodi aliuliza, macho yamefumbwa.

"Na mi nini?"

"Tangu niingie humu, we haujapumua."

Bilonda akaondoa mkono.

Basi ikabidi aseme. Akasema akiutazama mkeka.

"Glodi, leo njo mara ya mwisho. Jumamosi batu ba Hénock banakuya ku nyumba kuleta mahari. Papa alisha kubapa neno."

Glodi alifumbua macho akautazama uso wake, na Bilonda akatamani ayafumbe tena. Hayakuwa macho ya mtu aliyepigwa, bali ya mtu aliyekuwa amesimama siku nyingi akingoja kupigwa.

"Hénock ule wa Tenke?"

"Ndiyo."

"Batu banasema ni mutu muzuri."

"Ni mutu muzuri," Bilonda alisema, na sauti ikamkatika. "Kila mangaribi ananipigia simu kuuliza kama nilikula. Hanywi. Hasemi vibaya. Natafuta kosa yake, sioni. Kama angekuwa mulevi ningesema kitu. Nitasema nini, Glodi? Nitamuambia Papa nini?"

Hayo ndiyo yaliyokuwa yamemnyima usingizi siku tatu. Baba yake alikuwa ametangaza habari hiyo mezani, kijiko mkononi, kwa furaha, na mama yake akainuka akamkumbatia kutoka nyuma ya kiti. Ilikuwa furaha ya kwanza katika nyumba ile tangu kifo cha yaya yake, kaka mkubwa René. Bilonda alikaa kwenye mikono ya mama yake bila kusogea. Aliona wazi kwamba akisema hapana, atakuwa ameizima taa waliyohangaika miaka mitatu kuiwasha. Akasema, "Asante, Papa." Tangu hapo alikuwa akitembea, akila, akiwahudumia watu, kama mtu aliyefungiwa nje ya mwili wake mwenyewe.

"Mi siwezi kukuambia ukatae," Glodi alisema. "Niko na kibanda ya kutengeneza matelefone, na mugongo yenye kunikatala. Papa yako hawezi hata kutaja jina yangu."

"Sikuombi hiyo."

"Unaomba nini?"

"Neno!" Bilonda alisema kwa nguvu kuliko alivyokusudia. "Neno moja. Miezi munane najua kila mufupa yako. Najua unaamuka saa gani, najua goti gani inalia mvua ikikaribia. Lakini sijui kilichotokea kule chini. Alikuwa yaya yangu, Glodi. Mulikuwa naye masaa mangapi? Alisema nini? Kila mara nikikaribia, unafunga mulango."

Glodi akageuza uso upande wa kulia, ukutani.

"Ile neno si yangu," alisema. "Nilipewa nichunge."

Siku ya kwanza alipokuja, alikuwa amesimama mlangoni amejipinda, akataja jina lake na kuongeza palepale, "Najua we ni nani. Ukikatala kunigusa, nitaelewa." Bilonda hakukataa. Kolwezi yote ilijua habari ile: shimo la madini lilichimbwa chini ya nyumba huko Kasulo, udongo ukaporomoka, vijana wawili wakafukiwa kwenye njia moja. Majirani walichimba usiku mbili. Mmoja alitolewa akipumua. Na baba yake Bilonda, Tata Kanyinda, aliyemzika mwanawe huku yule mwingine yuko hospitalini, alikuwa ameamua tangu siku hiyo kwamba Glodi, kijana kutoka Manono, ndiye aliyemshawishi René kuingia ardhini.

Bilonda alimgusa kwanza kwa sababu alikuwa mgonjwa. Kisha kwa sababu alikuwa mtu wa mwisho aliyekuwa na yaya yake. Sababu ya tatu ilikuja yenyewe, Alhamisi moja ya mvua, alipochelewa kufika naye Bilonda akajikuta anahesabu hatua za kila apitaye uani.

"Nani alikupa?" aliuliza sasa. "Glodi, nani alikupa hiyo neno?"

Nje, Falonne, msichana wa mapokezi, alipaza sauti. "Papa Kanyinda, ngoja kidogo! Kuko mugonjwa ndani!"

Mlango ukasukumwa.

Tata Kanyinda alikuwa amevaa koti, ingawa jua lilikuwa kali. Miaka thelathini na miwili alichomelea vyuma katika karakana ya kampuni, na hata baada ya kustaafu hakutoka lango la nyumba yake bila koti. Chini ya koti, Bilonda alijua, kulikuwa na mkanda mpana wa kitambaa uliofungwa kiunoni kwa nguvu. Alikuwa na maumivu ya mgongo tangu Bilonda akiwa shule ya msingi. Mara ngapi alikuwa amemuomba aje alale kwenye mkeka! "Mi si mutoto wa kugaragara chini," alikuwa akijibu.

Alimtazama binti yake aliyechuchumaa, akamtazama kijana aliyelala, akaona viatu vilivyopangwa vizuri kando ya mlango.

"Bamama ba kanisa baliniambia," alisema polepole. "Nikabafukuza. Nikabaambia, mutoto yangu hawezi."

"Papa, ni mugonjwa yangu."

"Nyamaza!" Akafunga mlango nyuma yake ili Falonne asisikie, kisha akamnyooshea Glodi kidole. "We. Ulikamata mutoto mwanaume, ukamuingiza mu shimo. Haikutosha? Unakuya sasa kukamata huyu?"

Glodi alijiinua akakaa. Miaka mitatu alikuwa amekutana na mzee huyo sokoni na njiani, na miaka mitatu hakuwa amemjibu neno.

"Vaa viatu, utoke," mzee alisema. "Na we, Bilonda, leta saki yako, tunaenda. Kesho nitaongea na Sista. Hii kazi imekwisha. Kule Tenke hautakuwa na lazima ya kulalisha banaume chini."

"Papa, kazi yangu? Bagonjwa yangu banakuya kesho..."

"Imekwisha, nilisema!"

Mkoba wa Bilonda ulikuwa sakafuni, chini ya kigoda. Mzee aliinama kwa hasira kuunyakua.

Hakuinuka nao. Sauti iliyomtoka ilikuwa fupi, kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto, na mkono wake ukapapasa hewani ukitafuta kitu cha kushika. Bilonda alimdaka kwapani. Mzee akashuka chini nusu juu ya mkeka wa pili, miguu yake imenyooka mpaka mlangoni.

"Papa!"

"Usiniguse... Usi..." Hakuweza kumaliza. Jasho lilimtoka papo hapo kwenye paji la uso.

Falonne alisukuma mlango kutoka nje. Ulifunguka kidogo, ukagonga viatu vya mzee, naye akapiga kelele.

"Acha, Falonne! Usifungue!" Bilonda aliita. "Mugongo imemukamata. Acha kwanza."

Basi wakabaki watatu mle ndani. Glodi hakuweza kutoka bila kumruka mzee, Bilonda hakuweza kwenda popote, na mzee hakuweza kusogeza hata kidole cha mguu. Kilichosikika ni pumzi za mzee, fupifupi, zikigongana.

Bilonda alimfungua koti. Akaufungua ule mkanda, na mzee akamwacha, jambo lililomtia hofu kuliko kelele. Akavuta kigoda, akamuinua miguu mmoja baada ya mwingine, akailaza juu ya kigoda ili kiuno kipumzike, na mlango ukapata nafasi. Lakini hakuna aliyeufikiria mlango tena.

"Papa, sikia sakafu. Inakubeba. Usijishikilie."

"Nakufa, mutoto yangu."

"Haukufi. Inauma sana, najua. Pumua."

"Haipite."

"Usiivute, Tata." Alikuwa Glodi. Alikuwa amejilaza tena kwenye mkeka wake, chali, macho darini. "Ukishindana nayo, inakaza. Toa tu kidogo, na mudomo. Kama unapoza chai. Ile ya kuingia itaingia yenyewe."

"We usiniambie kitu."

"Sawa, Tata."

Lakini Bilonda, ambaye kiganja chake kilikuwa kwenye tumbo la baba yake, alihisi: mzee alitoa pumzi kidogo, kwa mdomo. Kisha nyingine.

Dakika zilipita. Upande wa pili wa ukuta watoto wa shule walikuwa wakisoma kwa sauti moja, wakikosea mahali palepale kila mara, mwalimu akiwarudisha. Mzee alikuwa upande wa kushoto wa Glodi. Kati yao hapakuwa hata na urefu wa mkono.

"Iko inauma namna hii," Tata Kanyinda alisema mwishowe, bila kumtazama, "kila siku?"

"Hapana kila siku. Leo kidogo."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

Halafu mzee akasema, kwa sauti ambayo Bilonda hakuwahi kuisikia kwake, "Alilia? René. Mutoto yangu alilia?"

Bilonda aliona mbavu za kushoto za Glodi zikijifunga, kama kila Alhamisi. Alitaka kumwambia asilazimishe, abaki pale pumzi ingali inapita, lakini hakusema, kwa sababu aliona kwamba Glodi alikuwa ameshaanza. Kichwa kilisogea upana wa kidole. Kikasimama. Kikasogea tena. Bega likafuata, kisha nyonga. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi kwa maumivu. Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, Glodi aligeuka upande wa kushoto, mzima, mpaka akawa ametazamana na baba yake René.

"Hakulia, Tata," alisema. "Alikuwa pale tu, sawa vile we uko sasa. Giza, lakini nilisikia pumuzi yake ku shikio. Baridi njo ilikuwa inamusumbua. Aliongea sana. Aliongea juu yako. Alisema ulimufundisha kuchomelea akiwa na miaka kumi, akaunguza suruali ya kanisa, na we ukamuambia Mama ni we uliiunguza."

Mzee alifumba macho.

"Juu ya nini ulimupeleka kule?" alinong'ona. "Juu ya nini?"

Glodi alimtazama Bilonda juu ya kifua cha mzee, na macho yake yalikuwa yanamuomba ruhusa. Bilonda, bila kujua anaruhusu nini, akaitikia kwa kichwa.

"Tata, mi nilikuwa Tenke, nabeba magunia ku train. René njo alikuya kunitafuta. Shimo ilikuwa yake. Aliikodi kwa batu ba nyumba ile, akaifungua mwenyewe. Kule chini aliniomba. Alisema, 'Glodi, ukitoka, usimuambie Papa kama ni mi nilikuita. Sema ni we uliniita. Papa iko na nguvu ya kukasirikia mutu mwingine. Hana nguvu ya kunikasirikia mi.' Nikaapa. Nilisema leo kwa sababu umeuliza kama alilia. Miaka mitatu hakuna mutu aliniuliza ile."

Bilonda alikuwa amekaa kando ya baba yake, mkono mmoja juu ya tumbo lake. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye ukosi wa blauzi nyeupe ya kazi. Yaya René! Hata akiwa anakufa alikuwa anawapanga watu, huyu abebe hiki, yule asiambiwe kile, kama alivyowapanga utotoni wakicheza uani. Na huyu mjinga mwema alikuwa amebeba. Alitukanwa sokoni, akabeba. Alimpenda dada ya marehemu, akaona mlango unafungwa kwa kosa ambalo si lake, na bado akabeba.

"Na kisha?" mzee aliuliza.

"Kisha akalala. Nikaendelea kumuongelesha. Nilikuwa nasikiliza pumuzi yake. Ilifika saa sikuisikia tena." Sauti ya Glodi ilikuwa imeshuka mpaka karibu kupotea. "Nikageuza kichwa ngambo ingine, Tata. Unisamehe. Sikuweza kubaki namuangalia, hata mu giza. Niligeuka, nikamuacha."

Mkono wa kulia wa Tata Kanyinda, uliokuwa umelala sakafuni, ulijongea, ukapita nafasi ile ndogo, ukatua juu ya mkono wa Glodi. Haukuushika. Ulitua tu juu yake, mzito, wenye makovu ya cheche, ukabaki hapo. Chini ya kiganja chake Bilonda alihisi tumbo la baba yake likianza kutetemeka, kisha likajaa pumzi ndefu iliyoshuka mpaka kiunoni. Mzee alikuwa analia kama wanavyolia wanaume waliozoea karakana, bila sauti.

Watoto wa shule walipopigiwa kengele ya kutoka, ndipo aliposema, "Niinue."

Bilonda akaanza kumshika.

"Hapana we. Huyu."

Ilikuwa kazi. Watu wawili wenye migongo mibovu, mmoja amshike mwingine, katika chumba ambacho hakingetosha hata mtu mmoja mzima. Bilonda aliwaongoza kwa maneno. Kwanza ubavu. Sasa goti. Pumzikeni. Glodi aliuma meno mara mbili, na alipokuwa anavaa viatu ilibidi ajiegemeze ukutani. Lakini walisimama. Mzee alimtegemea begani, koti likining'inia, mkanda umebaki sakafuni.

Njia ya kwenda nyumbani ilikuwa ya dakika kumi, nao waliitembea karibu saa nzima. Hakuna aliyethubutu kumpandisha mzee kwenye pikipiki. Walipita mbele ya nyumba za zamani za kampuni, zilizofanana zote, na watu walisimama kwenye malango kutazama: Kanyinda, aliyeapa mbele ya jeneza kwamba hatamsamehe, amewekewa mkono kiunoni na kijana yuleyule. Mama mmoja wa kundi la maombi aliacha kupepeta mchele. Mzee hakumsalimu.

Bilonda alitembea nyuma yao na mkoba wake. Alitazama shingo ya Glodi, yenye vumbi la mkeka bado, akataka kulipangusa, akakunja vidole. Jumamosi ilikuwa palepale. Watu wa Hénock walikuwa wamekwisha kushonesha nguo zao. Hakuna aliyekuwa amesema chochote kuhusu hilo.

"Papa," alisema walipofika kwenye kona. "Na Jumamosi?"

Mzee alisimama kupumua.

"Bilonda, hata ku nyumba sijafika bado."

"Mi sitaki, Papa." Aliyasikia maneno yakitoka, madogo, na hakuyarudisha. "Hénock hana kosa. Nitamuambia mi mwenyewe kama hana kosa. Lakini sitaki."

Glodi hakugeuka, lakini Bilonda aliona shingo yake ikinyooka. Baba yake alitazama barabara muda mrefu, kama mtu anayesoma kibao cha mbali.

"Twende," alisema tu. Haikuwa ndiyo. Haikuwa na hasira pia, na Bilonda hakujua aiweke wapi.

Mama yake, Mama Micheline, alikuwa lupango, ndani ya ua, akianika sombe, majani ya muhogo, kwenye ungo. Aliposikia lango, aliinua uso akitabasamu, tayari na neno la utani kwa kuchelewa kwao. Kisha akamuona aliyemshika mume wake. Ungo ukamponyoka. Akarudi nyuma hatua moja, mkono kifuani.

Glodi alitaka kumwachia mzee palepale langoni, arudi. Mzee alimkaza bega.

"Mama René," Tata Kanyinda alisema. "Leta kiti."

"Ya kwako?"

"Ya huyu."

Mama Micheline alisimama, akawatazama mmoja baada ya mwingine, na Bilonda wa mwisho. Bilonda aliona swali machoni mwake, akaona pia woga wa mtu ambaye kwa miaka mitatu amekuwa akingoja habari na akiomba isimfikie. Kuku walikuwa wameanza kudonoa sombe iliyomwagika, na hakuna aliyewafukuza.

Akaingia ndani. Akatoka na kiti cha sebuleni, kile cha mbao chenye mto, si vile vya plastiki vya uani. Akakiweka kivulini. Akavuta ncha ya kikwembe chake, kitenge alichojifunga, akakifuta kile kiti, ingawa kilikuwa safi, akakifuta tena mara ya pili.

Glodi alishuka kukikalia polepole. Mama alibaki amesimama mbele yake. Mkono wake, kana kwamba hauna mwenyewe, ulikuwa bado umeshika ncha ya kikwembe.

"Mama," Glodi alisema, "mi njo nilikuwa naye kule chini."